Wanga Ndani ya Tairi

Kuna watu wakikosea husema shetani aliwapitia. Mimi siku niliyomkosea Mwalimu sikupitiwa na yeyote. Nilikuwa na akili zangu timamu, nimekunywa chai na nimeshiba. Nasema hivi mapema ili msomaji asije akanitafutia udhuru katikati ya safari.

Nilikuwa na banda la kutengeneza magurudumu ya pikipiki pale Kibirichia, kando ya barabara, mkabala na mahali malori yanapopakia viazi. Injini niliwaachia wengine. Kazi yangu ilikuwa tairi, tyubu, rimu na spoki, na zaidi ya yote kubalansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu pande zote. Wakati huo pikipiki zilikuwa zimeanza kuwa nyingi, kila aliyevuna viazi vizuri anajinunulia yake, lakini mtu wa kubalansi gurudumu nilikuwa mimi peke yangu. Mafundi wengine waliinua pikipiki, wakazungusha tairi kwa mkono, wakafumba jicho moja na kusema iko sawa. Nilikuwa nawacheka waziwazi, tena mbele ya wateja wao.

Kazi hiyo nilifundishwa mjini Embu na mzee mmoja mkali, Mwembu ambaye sikuwahi kumwona bila kofia yake ya sufi. Stendi yake ilikuwa vyuma viwili tu vilivyosimamishwa sambamba. Unalitoa gurudumu kwenye pikipiki, unapitisha ekseli katikati, unalipumzisha juu ya vile vyuma na kuliacha. Gurudumu lenye kasoro litazunguka lenyewe taratibu mpaka upande mzito ukae chini. Hapo unaweka alama ya chaki, kisha upande wa pili unafunga kipande kidogo cha madini ya risasi kwenye spoki. Unaliacha tena. Unarudia hivyo mpaka gurudumu likubali kusimama popote utakapoliweka.

“Usilishike,” mzee alikuwa akinifokea. “Liache. Upande mzito utakuja chini tu, hata ukiuzuia mara kumi.”

Ni yeye pia aliyenijulisha dawa ya tairi, ule uji mzito wa kijani wenye nyuzinyuzi unaotiwa kupitia valvu. Mwiba ukichoma, dawa inakimbilia tundu na kuliziba hata kabla mwendeshaji hajajua amechomwa. Alikuwa akinitumia mtungi kutoka Embu kila uliponiishia. Kuhusu dawa alikuwa na neno moja tu: lazima iwe majimaji, itembee ndani ya tairi. Ikiganda mahali pamoja, ni kama umefunga jiwe kwenye gurudumu.

Nilikuwa nayajua haya yote. Ningekuwa siyajui, ningelala vizuri.

Sasa Mwalimu. Alikuwa amestaafu miaka mingi, lakini hakuna aliyemwita kwa jina. Alinifundisha darasa la kwanza. Walimu wengine walipotaka kukuonyesha kuandika walikushika mkono kwa juu na kuuburuta kwenye karatasi mpaka vidole vikauma. Yeye aliweka kiganja chake chini ya mkono wako, akauinua kidogo tu, akasema, “Polepole.” Basi kalamu ikaenda. Herufi zangu hazikuwahi kuwa nzuri, lakini najua mkono mzuri wa mwandiko nikiuona, kwa sababu nilijifunza kusoma kwa kuuangalia wake.

Mwandiko ule ulikuwa mali ya kijiji kizima. Mtoto akibatizwa, jina lake liliandikwa na Mwalimu kwenye Biblia ya familia. Mtu akifa, jina lililopakwa rangi kwenye msalaba wa kaburi lilikuwa la mkono wake. Kanisani, siku za Meza ya Bwana, yeye ndiye aliyebeba sinia ya vikombe vidogo kutoka benchi hadi benchi, na ilisemwa kwamba katika miaka yote hiyo hajawahi kumwaga. Tena alikuwa ameanzisha kanisa dogo la mabati kule Ruiri, ambako alikuwa na shamba. Jumapili zisizo za Meza ya Bwana alipanda pikipiki yake akateremka kutoka baridi yetu hadi joto la kule, akawahubiria watu kama ishirini na kurudi jioni. Pikipiki ndiyo iliyomwezesha. Mkewe alizoea kusema pikipiki ile ni mke mwenza.

Niseme na hili, maana nimeahidi kutojificha. Nilipomaliza darasa la nane na kuanguka mtihani, nilimpelekea habari nikitumaini atanifariji. Alisema, “Basi utafute kazi ya mikono.” Hakuwa na ubaya, na maneno yake yalitimia. Lakini nilikuwa na umri wa kukumbuka, na nilikumbuka. Sina hakika kama kinyongo hicho kilikuwepo siku ninayotaka kuisimulia. Nadhani kilikuwepo.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mwalimu alikuja na pikipiki yake, koti limefungwa vifungo vyote kwa sababu ya baridi. Kwenye benchi la banda langu walikuwa wameketi waendesha bodaboda wanne wakiota jua, na mnunuzi mmoja wa viazi.

“Muga!” alitusalimu kwa Kimeru, kisha akageukia Kiswahili kwa ajili ya yule mnunuzi aliyekuwa mgeni. “Hii miiba ya Ruiri itaniua. Jumapili mbili nimesukuma pikipiki kwa jua, watu wananingoja. Nataka hiyo dawa yako, uweke tairi ya mbele.”

“Hakuna shida, Mwalimu.”

Akamgeukia mnunuzi. “Unaona huyu? Ni mimi nilimfundisha. Kwa mambo ya tairi, Meru hii yote hakuna mwingine.”

Nikaingia ndani kuchukua mtungi. Ulikuwa mwepesi. Niliuinamisha, ikatoka dawa kama vijiko vitatu. Mtungi mpya ulikuwa bado Embu, ungefika baada ya siku nne au tano.

Mtu mwingine angetoka akasema imeisha. Ni neno moja tu, na lisingenipunguzia chochote. Lakini nilikuwa nimetoka kusifiwa mbele ya watu watano, na sifa bado ilikuwa na joto. Fundi asiye na dawa ni fundi gani? Nilisimama pale gizani nikiwaza hivyo, mtungi mtupu mkononi, na badala ya kutoka mbele nikatoka kwa mlango wa nyuma kwenda nyumbani kwangu, ambako mke wangu alikuwa amepika wanga.

Kwetu viazi havikosekani, na wanga wa kunyooshea nguo tulijitengenezea wenyewe. Unakwaruza viazi, unaviosha kwa maji, unaacha maji yatulie, na ule unga mweupe unaokaa chini ndio wanga. Ukiupika kwa maji unakuwa uji unaonata, na ukichovya kola ndani yake, ikikauka inasimama. Siku hiyo mke wangu alikuwa amepika sufuria nzima kwa ajili ya kanzu za kwaya. Yeye mwenyewe alikuwa kisimani. Nikachota kikombe, nikakichanganya na ile dawa kidogo iliyobaki, nikakoroga kwa kijiti. Rangi ya kijani ikashika. Ulikuwa mzito, unanata, na kwa macho huwezi kuutofautisha na dawa yenyewe. Nilijiambia kwamba kinachonata kitaziba. Nilijiambia pia kwamba mtungi ukifika nitamwita Mwalimu nibadilishe. Mwongo anapojidanganya hukosa wa kumpinga.

Nikatoka, nikautia kwenye tyubu mbele ya macho yao wote, nikajaza upepo, nikazungusha gurudumu kwa madaha. Mwalimu akanishukuru na kwenda zake.

Kesho yake alikwenda Ruiri akarudi salama, hata mwiba haukumgusa. Jumapili jioni alipita bandani akanipungia mkono. Nikaona nimefaulu. Mtungi ulipofika kutoka Embu, sikumwita.

Kisha mvua zikaanza, njia ya Ruiri ikawa matope, na pikipiki ikakaa nyuma ya nyumba ya Mwalimu wiki tatu bila kusogezwa. Anayeijua Kibirichia wakati wa mvua anajua baridi yake. Na anayejua wanga anajua ukipoa unafanya nini. Hauwi uji tena, unashikana. Wangu ulishuka chini ya tairi ukatulia hapo, na kila usiku wa baridi ukauongezea ugumu.

Jua liliporudi, Mwalimu aliteremka Ruiri. Siku ya pili yake alikuja bandani. Waendesha bodaboda walikuwepo tena kwenye benchi, na wengine zaidi.

“Kijana wangu, hii pikipiki iko na shida. Nikiongeza mwendo pale kwa mteremko, usukani unatetemeka. Unanitetemesha mpaka kwa mabega. Jana kidogo nianguke.”

Nilijua kabla hajamaliza. Niliuona ule wanga kana kwamba tairi lilikuwa la kioo. Na stendi yangu ya vyuma viwili ilikuwa hapo hapo nyuma yangu, ile ambayo kila mtu Kibirichia alijua ni ya kazi gani. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Lakini kulitoa gurudumu maana yake ni kuliona likianguka upande mmoja mbele ya watu, kisha kuifungua tyubu, na wanga wa kwaya kutokea hadharani. Akilini nilimwona mmoja wa wale vijana akiunusa na kusema hii ni stachi ya mama yangu. Niliwasikia wale mafundi wengine niliokuwa nikiwacheka.

“Hebu niijaribu,” nikasema.

Nikaipanda nikaenda mpaka lango la kanisa na kurudi, gia ya pili, mwendo wa bibi harusi. Gurudumu lisilo sawa halijionyeshi kwa mwendo huo. Nililijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale. Nikaizima, nikaisimamisha, nikapangusa mikono kwa kitambaa.

“Mwalimu, pikipiki haina kitu. Iko sawa kabisa.” Halafu, kwa kuwa alikuwa bado ananitazama, nikaongeza, “Labda ni mikono.”

“Buda, hiyo ni miaka, si tairi,” akadakia kijana mmoja kutoka kwenye benchi. “Mwambie Mama akuwe anakubeba.”

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Si kicheko kikubwa, lakini alinisikia.

Mwalimu hakukasirika. Laiti angekasirika. Aliinua mikono yake miwili mbele ya kifua, akaitazama mgongoni, akaigeuza akatazama viganja. Watu wote wakaitazama pia. Sijui kama mnajua, lakini mkono wowote ukitazamwa na watu wanane hautulii.

“Labda,” akasema.

Akanishukuru kwa kuijaribu. Kisha hakuipanda. Aliishika usukani, akaisukuma kwa miguu kupanda kilima mpaka nyumbani kwake, na mimi nikamtazama mpaka alipopotea kwenye kona ya miti ya mibono. Nilikuwa na nafasi yote hiyo ya kumkimbilia. Alikuwa mzee anayesukuma kitu kizito, hata mtoto angemfikia.

Nilijiambia nitakwenda kesho, peke yangu, nijidai napita tu, niseme hebu niiangalie tena. Kesho ikawa na kazi. Kesho kutwa ikawa na mazishi. Baada ya wiki ningeanzaje? Aibu ina tabia hiyo. Siku ya kwanza ni ndogo, ungeimeza kwa maji, lakini ukiiacha inalala na kuamka nawe mpaka inakuwa mwenyeji. Nikawa nazunguka kwa njia ya chini nisipite mbele ya lango lake.

Habari zilinifikia hata hivyo, kwa kuwa mke wangu na mke wa Mwalimu walikuwa kundi moja la akina mama. Mwalimu hamimini chai mwenyewe tena, anasema ataimwaga. Mwalimu amekataa kujinyoa ndevu, anaita mtu amnyoe. Familia moja ilimpelekea Biblia aandike jina la mtoto, akaifunika na kuwarudishia, akawaambia wampelekee karani wa kanisa. Karani aliandika kwa kalamu inayovuja, jina likapanda mlima. Kule Ruiri alikwenda mara mbili kwa gari, kisha akaacha, na baada ya muda watu wake ishirini wakagawanyika, kila mmoja akatafuta pa kwenda. Yote haya mke wangu alinisimulia akiambua maharagwe, kwa huruma, na kila alipomaliza aliuliza, “Kwani ni ugonjwa gani unaingia kwa mikono ghafula hivyo?” Mimi nilisema sijui.

Kisha ikaja Meza ya Bwana. Nilikuwa nimeketi mahali pangu, benchi la nne. Sinia ilipotoka mbele ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine, mfupi, anayehema. Mwalimu alikuwa ameketi miongoni mwa watu, mikono ameificha katikati ya magoti. Kikombe kilipomfikia aliinama akakinywa haraka, kama mtu anayeiba.  Mimi nilikaa na kinywaji mdomoni, bila kukimeza, mpaka wimbo ukaisha.

Baada ya miezi minne hivi, mkewe aliileta pikipiki bandani juu ya mkokoteni wa punda, imelazwa kama mgonjwa.

“Mwalimu anasema umtafutie mtu mzuri wa kuichukua,” akaniambia. “Asiwe mtu wa kukimbiza. Na anasema wewe ndiye unaijua.”

Nilimsaidia kuishusha. Alipoondoka nilifunga mlango wa banda mchana kweupe, wateja wakiniita nje. Nikalitoa gurudumu la mbele, nikapitisha ekseli, nikaliweka juu ya stendi na kuliacha, kama nilivyofundishwa. Halikusubiri. Lilizunguka mara moja, zito, likasimama. Nikaligeuza, nikaliachia, likarudi pale pale. Nililigeuza mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Nadhani nilikuwa nikingoja liniambie kitu kingine.

Nikatoa tyubu, nikaikata kwa wembe. Wanga ulikuwa umekuwa donge la kijivu lenye ukubwa wa ngumi, umeshikana kama ugali wa juzi. Niliketi nao mapajani, na nililia, mtu mzima mwenye watoto wawili. Kisha nikafanya kazi niliyopaswa kuifanya siku ile alipolalamika. Tyubu mpya, tairi nikalisafisha, rimu nikainyoosha, nikafunga risasi kidogo kidogo mpaka gurudumu likasimama popote nilipoliacha. Ndipo nikatia dawa halisi, kipimo kamili. Nikafagia banda. Donge na ile tyubu nikavitia kwenye karai na kwenda kuvitupa kwenye mtaro wa maji nyuma ya malori, maji yakavichukua.

Niliipanda pikipiki nikaenda kwa Mwalimu. Njiani niliongeza mwendo kwenye mteremko, usukani ukatulia. Nilikuwa nimeamua kusema kila kitu. Nilipofika langoni tu ndipo nilipotambua nilichofanya. Ushahidi nilikuwa nimeutupa kwa mikono yangu mwenyewe, tena siku ile ile niliyokusudia kuungama. Nilikuwa nimezoea kuficha hata mikono ikaficha bila kuniuliza.

Mwalimu alikuwa kibarazani na ungo wa maharagwe, akitoa vijiwe na punje mbovu. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda vyenyewe. Aliponiona aliacha, akavirudisha kwenye magoti.

“Mwalimu, nimekuja kuungama. Haikuwa mikono. Ilikuwa tairi.”

“Keti kwanza.”

“Siku ile dawa ilikuwa imeisha. Niliona haya kusema. Nikaweka wanga, hii ya nguo, ya viazi. Ikaganda ndani. Ndiyo ilikuwa inatetemesha usukani. Nilijua, Mwalimu. Nilijua siku ile ulipokuja, na nikasema ni mikono.”

Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande, kama alivyokuwa akimsikiliza mtoto anayesoma kwa shida.

“Wanga ya nguo,” akasema. “Kwa tairi ya pikipiki.”

“Ndiyo.”

“Na iko wapi?”

“Nimetupa.”

Uso wake ukalainika, na nilipoona ukilainika nikajua nimeshindwa.

“Una moyo mzuri,” akasema. “Umeona mzee amekaa nyumbani, umesikia vibaya, ukamtungia hadithi. Asante.”

“Mwalimu, si hadithi. Ni ukweli wa Mungu.”

“Sasa usimweke Mungu hapo. Fundi kama wewe aweke uji kwa tairi? Nani atakubali? Na kama ungekuwa umefanya hivyo, ungeniambia siku ile, mbele ya wale watu. Mimi nilikufundisha. Nakujua.” Akanyoosha mikono yake mbele yangu. “Hebu angalia mwenyewe.”

Tuliitazama sote wawili. Ilitetemeka kidogo, vidole vya mwisho hasa.

“Unaona?” akasema kwa upole.

Ningeweza kumwambia achukue ungo aendelee, nimwonyeshe. Ningeweza kwenda kumwita mke wangu, ambaye hakuwahi kujua kikombe chake cha wanga kilikwenda wapi, au kumrudisha Mwalimu bandani niyaseme yale yale mbele ya lile benchi. Hilo la mwisho angeliamini. Nililiwaza, nikawaona wale vijana, nikaliacha. Alinipa chai. Mkewe ndiye aliyemimina. Pikipiki alikataa kuipokea, nikarudi nayo, na baadaye ikachukuliwa na mwalimu mmoja wa shule ya Githongo ambaye hakuwa mtu wa kukimbiza.

Wiki tatu hazijapita, baada ya ibada, mchungaji akaniita kando. Wazee wa kanisa walikuwa wamekaa, akasema, na wanataka nibebe sinia ya Meza ya Bwana. Jina langu lilikuwa limetolewa na Mwalimu mwenyewe. Amesema nina moyo wa huruma na mikono iliyotulia.

“Sistahili,” nikasema.

Kwetu mtu akipewa kazi ya kanisa lazima aseme hivyo kwanza. Anayekubali mara moja anaonekana ana tamaa. Mchungaji akatabasamu, akanipiga bega.

“Sistahili, Mchungaji. Nisikilize.”

“Wote tulisema hivyo,” akajibu, na akaenda kusalimiana na watu. Sikumfuata.

Jumapili ya Meza ya Bwana iliyofuata nilivaa shati ambalo mke wangu alikuwa amelinyoosha kwa wanga, kola imesimama. Sikumwambia asilitie. Nilipoipokea sinia mbele, ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani, lakini vikombe vilianza kugongana kabla sijafika benchi la kwanza. Sauti ndogo, lakini kanisa lilikuwa kimya. Watu walichukua vikombe vyao wakiangalia chini. Kufika benchi la tatu kitambaa cha sinia kilikuwa kimelowa, na nilijua kila mtu ananisikia nikija.

Mwalimu alikuwa mwisho wa benchi la tano. Nilimwinamishia sinia, na vikombe vikagongana kwa fujo mpaka mtoto mmoja akageuka kutazama. Hakuchukua kikombe. Alitoa mkono wake kutoka katikati ya magoti, akapitisha kiganja chini ya sinia, akainua kidogo tu.

Vikombe vikanyamaza vyote. Kiganja chake kilikuwa kimetulia kabisa, na hakukiangalia, alikuwa akiniangalia mimi. Kwa mkono wa pili akachukua kikombe chake, akanywa, akakirudisha mahali pake bila kumwaga tone.

“Polepole,” akaninong'oneza.

Kisha akaondoa kiganja, akarudisha mikono yake katikati ya magoti, nami nikaenda benchi lililofuata.